Maswali na majibu: Magofu ya bandari ya Kaisaria

Maswali ya safari hii yote yanahusu Kaisaria, mji aliojenga Herode Mkuu kwenye pwani ya Mediterania, mahali palipo leo kati ya Tel Aviv na Haifa.

Je, Kaisaria alikofungwa Paulo ndiko Petro alikomkiri Yesu kuwa Kristo?

Hapana, ni miji miwili. Ule wa Mathayo 16 ni Kaisaria Filipi, uko bara, chini ya mlima Hermoni, na aliyeujenga ni Filipo, mwana wa Herode. Wenye bandari ndio wa akida Kornelio (Matendo 10). Huko Paulo alikaa kifungoni miaka miwili chini ya liwali Feliki, mpaka Festo alipomrithi na kumpeleka Rumi kwa merikebu.

Mimi ni fundi ujenzi. Nimesikia Herode alimwaga zege baharini. Lilishikaje ndani ya maji?

Siri ni majivu ya volkano. Chokaa peke yake huwa ngumu kwa kuvuta hewa ya kaboni, kwa hiyo ukiizamisha hubaki uji. Ukiichanganya na majivu yale, chokaa, majivu na maji hufanya kazi ya kikemia pamoja, na zege hushika hata likiwa limezama. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi wa zama hizohizo, aliandika kipimo cha kazi za baharini: majivu sehemu mbili, chokaa sehemu moja. Vipande vya mawe viliingia kama kokoto. Majivu ya Kaisaria yalitoka Ghuba ya Napoli, Italia, ng'ambo ya bahari nzima.

Kazi yenyewe waliianza nchi kavu. Maseremala walitengeneza masanduku makubwa ya mbao, mengine yakifika takriban mita 14 kwa 7, na kuyaunga kwa ndimi na matundu kama wanavyounga merikebu, ili yaelee. Sanduku lilivutwa hadi mahali pake, likafungwa lisihame, kisha zege likamwagwa kidogo kidogo mpaka sanduku likatua chini. Hapo ungependa kumwaga kwa usawa, maana ukizidisha upande mmoja sanduku linainama na kutua mshazari. Lilipotulia walijaza hadi juu. Mbao hazikutolewa; mabaki yake bado yako chini ya maji, na ndiyo yaliyowaonyesha wapiga mbizi jinsi kazi ilivyofanyika.

Kama zege lilikuwa imara hivyo, mbona bandari imezama?

Kwa sababu msingi wake ulikuwa mbaya. Pwani ile haina ghuba wala mkono wa bahari kama Kilindini, Herode aliilazimisha. Kati ya mwaka 22 KK na takriban 10 KK alijenga kuta mbili za kukinga mawimbi. Ule wa kusini, wenye urefu wa karibu nusu kilomita, ulipinda kuelekea kaskazini, na mlango ukaelekea huko pia, kuyapa mgongo mawimbi makali ya kusini-magharibi. Lakini sehemu za nje ziliketi juu ya mchanga. Mawimbi yaliula mchanga ule kutoka chini, na uzito wa zege ukamaliza kazi. Wataalamu wengine huongeza matetemeko ya ardhi na tsunami, na mabishano hayajaisha.

Ushahidi ninaoupenda ni wa madini ya risasi (ile metali nzito, si ya bunduki). Juu ya ncha ya ukuta ule wa kusini wapiga mbizi walikuta shehena ya vipande vya risasi vyenye jina la Kaisari Domitian, aliyetawala mwaka 81 hadi 96 BK. Chombo kilichovibeba kilivunjikia pale, maana yake ukuta ulikuwa umeshazama kiasi cha kuwa mwamba wa kuvunjia merikebu. Hata miaka 120 haikuwa imepita tangu bandari ikamilike! Karibu mwaka 500 Kaisari Anastasius aliitengeneza upya, lakini nako hakukudumu.

Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasema mawe yalishushwa kwenye kina cha pima 20. Tumwamini?

Kwa ramani ya bandari, ndiyo: wachimbaji wamemkuta sahihi mara nyingi. Kwa kina, hapana. Pima 20 ni takriban mita 36, na kina hicho hakipo hapo bandari ilipo.

Jiwe la Pilato, lile lenye maandishi ya jina la liwali aliyemhukumu Yesu, liko wapi?

La asili liko Makumbusho ya Israel, Yerusalemu. Unaloliona Kaisaria ni nakala. Waitaliano walilichimbua mwaka 1961 katika ukumbi wa maonyesho, ambako lilikuwa limegeuzwa kipandio cha ngazi. Maandishi yamemeguka, lakini jina la Pilato linasomeka, na cheo chake ni *praefectus* (liwali mwenye mamlaka ya kijeshi). Mwanahistoria Tacitus, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, alimpa cheo cha *procurator* (msimamizi wa mapato ya Kaisari). Hapo jiwe linashinda, kwa kuwa lilichongwa Pilato akiwa bado madarakani.

Zile kuta nene zenye handaki ni za Herode?

Ni za Wapiganaji wa Msalaba, Wakristo wa Ulaya waliokuja kupigania Nchi Takatifu. Mfalme Louis IX wa Ufaransa aliziimarisha mwaka 1251 na 1252, na Sultani Baybars wa Misri akauteka mji mwaka 1265 na kuubomoa. Angalia nguzo zilizolazwa ndani ya gati lao: ni za majengo ya Kirumi, zimetumika mara ya pili.

Kikundi chetu cha kanisa kitakuwa na saa mbili tu. Tuanzie wapi?

Anzeni kusini, kwenye ukumbi wa maonyesho. Mkitoka hapo nendeni rasi ya kasri la Herode, kisha uwanja wa mbio za magari ya farasi ulio kando ya bahari, mmalizie bandarini. Bebeni kofia na maji, kwani kivuli ni haba. Msitafute mfereji wa maji wa matao humo ndani. Uko ufukweni kaskazini mwa mji, na basi litawafikisha. Ukiutazama kwa juu utaona ni mifereji miwili iliyoungana ubavu kwa ubavu: wa kwanza, na wa pili ulioongezwa na askari wa Kaisari Hadrian. Wapiga mbizi wenye cheti wana hifadhi yao chini ya maji, iliyofunguliwa 2006, yenye njia zilizowekewa alama. Bahari ikichafuka mchanga huibuka na hamtaona kitu, basi chagueni asubuhi tulivu.