Swali la lugha: Mbona uongo wangu hugunduliwa mara moja?

SWALI: Mimi na wenzangu tuna mchezo tunaoupenda. Mmoja hufungua kamusi akachagua neno ambalo hakuna anayelijua, kisha kila mtu huandika maana ya kubuni. Karatasi huchanganywa na ile yenye maana halisi, zote husomwa kwa sauti, na kila mmoja huchagua anayodhani ndiyo ya kweli. Ukiotea ya kweli unapata alama, na ukimnasa mwenzako kwa maana yako unapata alama pia. Mimi sijawahi kumnasa mtu. Juzi neno lilikuwa "upembo", nikaandika: "Upembo ni kitu ambacho watu wa zamani walikuwa wanakitumia sana katika kupembua nafaka, kwa sababu hawakuwa na mashine." Walicheka hata kabla haijasomwa ikaisha. Nakosea wapi? Halafu tunabishana: tunachoandika ni fasili, fasiri au tafsiri? Na tukiite cha uongo, cha kughushi au bandia?

JIBU: Wazo lako halikuwa baya, ndugu msomaji. Ulilitazama neno, ukasikia "pembua" ndani yake, ukaifuata sauti hiyo. Mwenye sikio la lugha hufanya hivyo hivyo. Lakini makosa yalikuwa mawili: la maandishi na la umbo la neno. La pili ndilo lenye mengi, kwa hiyo nianze na la kwanza.

Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili usome vidahizo, yaani maneno yanayoelezwa humo, kumi mfululizo. Hutakuta neno likirudiwa mwanzoni mwa maelezo yake, kama ulivyofanya kwa "Upembo ni". Hutakuta "sana", wala "watu wa zamani walikuwa", wala "kwa sababu". Mwandishi wa kamusi hamwombi mtu amsadiki. Anakipa kitu jina la kundi lake, anataja kinachokitofautisha na vingine vya kundi hilo, anaweka nukta. Ndiyo maana mafungu yale yale yanajirudia: aina ya, kifaa cha, hali ya, tendo la, mtu anayefanya kadhaa. Sentensi yako ilikuwa ya mtu anayesimulia, na msikilizaji akisikia sababu katika kamusi anajua hapo kuna anayejitetea.

Kusimulia kuna mahali pake. Mwaka 1965 BBC ilianza kuonyesha mchezo wa televisheni ulioitwa Call My Bluff, ambamo washiriki watatu walieleza neno moja kila mtu kwa namna yake, na mmoja tu ndiye aliyesema kweli. Pale maelezo marefu yalifaa, maana sauti na uso wa msemaji vilikuwa sehemu ya mtego. Mchezo wenu ni wa karatasi, karibu na ule unaouzwa kwa jina la Balderdash, uliotoka Kanada mwaka 1984. Kwenye karatasi uso haupo. Kinachoaminisha ni mtindo peke yake.

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua haukutungwa na mchezaji. Kamusi moja nene ya Kiingereza, toleo la Webster la mwaka 1934, iliingiza neno "dord" na kulipa maana ya densiti, kama istilahi ya fizikia na kemia. Neno hilo halikuwapo duniani. Kadi ya ofisini ilikuwa imeandikwa "D or d", yaani herufi kubwa au ndogo kuwa kifupisho cha densiti, na mtu akaisoma kama neno moja. Lilikaa kamusini miaka mitano kabla ya mhariri kuligundua mwaka 1939. Ingizo lilikuwa fupi na kavu, aina ya neno imetajwa, fani imetajwa. Hakukuwa na cha kumshtua msomaji.

Sasa umbo la neno, na hapa Kiswahili kinawadai wachezaji kuliko lugha nyingi. Neno letu linapofika mezani limekwisha kujieleza nusu. Chukua "upembo" wako. Kama lingetoka kwenye "pembua", ile -u- ya mwisho wa shina isingepotea: fungua hutupa ufunguo, chagua hutupa chaguo, kwa hiyo pembua ingetupa "pembuo" au "upembuo". Umbo la "upembo" liko sawa na "upendo", linalotoka kwenye penda. Wenzako huenda wasingeweza kukueleza hivyo kwa maneno, lakini masikio yao yalijua. Kila mzungumzaji hubeba kanuni hizi bila kuzitaja.

Kisha kuna u- ya mwanzo. Ngeli ya U-/ZI- ina mengi, ila vitu virefu na vyembamba vimejaa humo: ufito, uzi, wembe, ulimi, unywele. Mbuni mzuri huanzia hapo. Ningekuwa mimi mezani kwenu ningeandika hivi:

upembo nm [u-/zi-] ukambaa wa kufungia mzigo.

Hiyo nm ni kifupisho cha nomino, na ukambaa ni aina ya kamba. Maneno manne ya maelezo, basi. Linganisha na maana yenyewe: kijiti kirefu chenye ncha iliyopinda, cha kuangulia matunda. Zote mbili ni vitu vyembamba, zote ni vya kazi ya mikono, zote zinaweza kusemwa "pembo hizi" kwa wingi. Hapo msikilizaji hana pa kushika.

Sauti nazo husema. Neno lenye gh, dh au kh kwa kawaida limetujia kutoka Kiarabu, na mara nyingi huelekea kwenye sheria, dini, biashara, elimu au hali ya moyo. Ukilipa "bughudha" maana ya mdudu wa majini, utamnasa mtoto tu. Vitenzi vinavyoishia kwa -i, -e au -u, kama fikiri, samehe, haribu, vina historia hiyo hiyo, tofauti na vile vya -a.

Lakini ukishazijua kanuni hizi, jambo zuri zaidi ni kuzijua pale zinapodanganya, maana mteuzi wa neno anatakiwa kutega penye udanganyifu huo. Nampenda sana "kilembwe". Kila mtu mezani atawaza kilemba, na karatasi zitajaa vitambaa vya kichwani. Kumbe ni mtu: mtoto wa mtoto wako ni mjukuu, mtoto wa mjukuu ni kitukuu, na mtoto wa kitukuu ndiye kilembwe. Umbo ni la KI-/VI-, upatanisho ni wa A-/WA-: kilembwe huyu, vilembwe hawa. Ndiyo maana msomaji wa karatasi awe mwangalifu. Akiteleza akasema "kilembwe huyu" kabla ya kusoma, amekwisha kuwaonyesha njia. Kwa maoni yangu ngeli iandikwe wazi mbele ya wote tangu mwanzo. Mchezo hauharibiki, ila uongo unalazimika kuwa bora.

"Kilindo" nalo ni la aina hiyo. Linaita linda, lindo, mlinzi, na mtu ataandika kibanda cha mlinzi akiwa na uhakika wa ushindi. Maana yake ni chombo cha mviringo kilichotengenezwa kwa gome la mti. Wala msiogope maneno mnayodhani mnayajua. "Chozi" si lile la jichoni pekee, ni ndege mdogo pia, anayefyonza utamu wa maua. Soma "ndege mdogo" mbele ya watu wanaolijua chozi la jichoni, uone wanavyoikataa.

Tena kuna "kifauongo". Hebu likate: ki-fa-uongo, kinachokufa kwa uongo. Ni mmea unaokunja majani yake ukiguswa, na ni mdudu pia anayejifanya amekufa akiguswa. Likisomwa mezani wachezaji wazoefu huikataa maana ya kweli kwa sababu imelingana mno na neno, wakidhani kuna mtu aliyelichambua akatunga. Ndivyo ilivyo hata kwa kombamwiko, jina jingine la mende: anayekomba mwiko. Baadhi ya maneno yetu waliyatunga watu waliotazama kitu kwa makini wakakisema kilivyo, na ukweli wa namna hiyo husikika kama hadithi.

Kubalianeni pia kamusi moja kabla ya kuanza, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, au Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015. Kamusi mbili zinaweza kulipa neno moja maana zisizolingana, na hapo ugomvi haukwishi.

Kuhusu ubishi wenu. "Fasiri" na "fasili" hazitofautiani kwa matamshi ya r na l tu. Ni maneno mawili yenye mizizi miwili. Fasiri ni kutoa maana upande mmoja kuipeleka mwingine, hasa kutoka lugha hadi lugha, ndiyo tunapata mfasiri na tafsiri. Fasili imebeba wazo la kutenga na kupambanua, na wanataaluma huitumia kwa maelezo yanayoipa dhana mipaka yake. (Ile ya "hana asili wala fasili" ni matumizi mengine, ya chimbuko na ukoo.) Kwa hiyo nyinyi mnabuni maana, na mnachoandika karatasini ni fasili. Tafsiri haimo kabisa.

Na jina la fasili hiyo? "Kughushi" ni kuharibu kitu halali au kukiiga kwa nia ya kudhulumu, kama noti na vyeti. Tuliache huko. "Uongo" si kosa, ila unamtaja msemaji zaidi ya kitu, nanyi hamwongopeani, mmekubaliana. Mimi nachagua "bandia". Neno hili kwa asili ni mwanasesere: mtoto wa bandia, mwenye kichwa na mikono na nguo, anayebebwa na kubembelezwa na watu wanaojua vyema kwamba si mtoto. Andikeni "fasili bandia".