Re: Kurusha na kudaka mipira mitatu, ni kipaji?

Ndugu yangu, umeuliza kama mdogo wako anayetaka kurusha na kudaka mipira mitatu pale Forodhani lazima awe na kipaji cha kuzaliwa. Hapana. Anahitaji ndimu tatu zinazolingana, na subira.

Aanze na moja, airushe toka mkono wa kulia hadi wa kushoto ikifika usawa wa macho, kisha airudishe vivyo hivyo. Halafu mbili: ya pili aiachie pale ya kwanza inapofika juu kabisa, si kabla. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, maana ya pili huipitisha chini chini mkono kwa mkono badala ya kuirusha. Hilo likishakaa, ya tatu haina maneno. Asimame mbele ya kitanda, asichoke kuinama kuokota.

Mchezo wenyewe ni wa kale mno. Katika makaburi ya Beni Hassan, Misri, wamechorwa wanawake wakirusha mipira, takriban miaka 4,000 iliyopita.

Akitamani mitano, ajue kuwa ili mpira ukae hewani muda mara mbili, sharti urushwe juu mara nne. Asiikimbilie.

Ama yule mama uliyemfananisha na mrusha mipira, anayekaanga maandazi alfajiri, akasomesha skuli, usiku akashona: kweli, naye hushika moja huku mengine yako hewani. Lakini ndimu ikianguka huokotwa, mtoto akiumwa hangoji. Kwa hivyo msimsifu tu. Kama ni jirani yenu, mdogo wako ampelekee hayo maandazi dukani kila asubuhi.