Ndimu, asali na soda usoni: kosa halikuwa kwenye vipimo

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina umri wa miaka 24 na ninaishi Tanga. Nilisumbuliwa na chunusi ambazo sasa zimepungua, lakini zimeniachia madoa meusi mashavuni. Kwa wiki tatu nimekuwa nikipaka asubuhi mchanganyiko wa maji ya ndimu moja, asali kijiko kimoja na soda ya kupikia kijiko kimoja cha chai. Ninauacha kwa dakika 20, kisha ninaosha uso na kwenda kazini. Siku za mwanzo ulikuwa unachoma, nikaambiwa hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Sasa madoa ya zamani yamezidi weusi, na nimetokewa na mstari mweusi kutoka kidevuni hadi shingoni, mahali ambapo sijawahi kuwa na chunusi. Je, nimekosea vipimo? Niongeze asali au nipunguze ndimu? Sipendi kutumia kemikali.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hukukosea vipimo, kwa hiyo usiongeze wala usipunguze kitu. Acha kabisa mchanganyiko huo kuanzia leo. Barua zinazofanana na yako ninazipata kila mara, na nimeichagua hii kwa sababu ya ule mstari ulioutaja mwishoni kama jambo la pembeni, ilhali ndio unaoeleza yaliyokupata. Chunusi hazijipangi kwa mstari. Kinachoacha alama ya namna hiyo ni kitu cha majimaji kilichochuruzika, nacho kwako ni maji ya ndimu.

Ndimu, na hasa ganda lake, ina kemikali za jamii ya furanokumarini, zikiwemo zile zinazoitwa psoraleni. Zikiwa juu ya ngozi mahali penye giza hazina madhara makubwa, lakini zikipigwa na mionzi ya urujuanimno ya jua hujishikiza kwenye vinasaba vya seli na kuziunguza. Mwenye ngozi nyeupe huona wekundu, na pengine malengelenge, baada ya siku moja au mbili. Katika ngozi zetu wekundu huo mara nyingi haujitokezi, na mtu hushtukia weusi tu, ambao huweza kukaa kwa wiki kadhaa au hata miezi. Psoraleni hizohizo hutumika hospitalini kutibu mabaka meupe na soriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye mabaka ya magamba), lakini huko dozi hupimwa, taa maalumu huwashwa kwa muda uliohesabiwa, na mgonjwa huelekezwa kujificha jua baada ya tiba. Wewe umejipa tiba ya namna hiyo bila kujua, kila asubuhi kwa wiki tatu, na taa yako imekuwa jua la Tanga. Kuosha uso hakukutosha, kwa sababu sehemu ya kemikali hizo hupenya kwenye ngozi katika muda huo wa dakika 20, na shingoni huenda hukuosha kabisa, kwa kuwa hukujua kwamba maji yamefika huko.

Hapa pana jambo ambalo walimu wa urembo wa kwenye simu hawalijui, au hawajali kulijua. Maelekezo mengi wanayoyasoma yametoka kwenye lugha na nchi nyingine, yanataja limau, na aliyeyaandika huenda anaishi mahali ambapo jua la asubuhi ni hafifu. Mfasiri wetu halipati limau sokoni, anachukua ndimu kwa kuwa ni ndogo, ni rahisi na ipo kila genge, ilhali ndimu ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuunguza ngozi kwa njia hii. Upande wa soda hali ni mbaya zaidi. Wapo wanaosikia neno soda na kuchukua magadi, yale ya kulainishia maharage na makande, ambayo ukali wake wa alikali, yaani kinyume cha tindikali, unaizidi mbali soda ya kupikia. Nimeshawaona wenye uso uliochubuka kwa kosa hilo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari kwamba vitu hivyo ni viwili tofauti.

Tuje kwenye madoa yako ya zamani. Doa linalobaki baada ya chunusi ni melanini iliyomwagwa na seli za rangi kwa sababu ngozi iliumia, na ngozi nyeusi ina seli zilizo tayari kufanya hivyo kwa uchokozi mdogo kabisa. Maana yake ni kwamba chochote kinachoichoma ngozi yako kinaongeza doa lilelile unalotaka kuliondoa. Aliyekuambia kwamba kuchoma ni dalili ya dawa kufanya kazi amekudhuru kuliko ndimu yenyewe, kwa sababu ngozi yako ilikuonya siku ya kwanza, naye akakufundisha kulipuuza onyo hilo. Katika miaka yote ya kazi yangu sijakutana na sentensi iliyoharibu nyuso nyingi kama hiyo.

Mchanganyiko wenyewe, hata tukiusahau uso kwa dakika moja, haukubaliani na kemia ya darasani. Uso wenye afya una tindikali kidogo, pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi; pH ni kipimo cha tindikali, na namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa. Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2, na kwa kuwa kila hatua moja katika kipimo hicho ni tofauti ya mara kumi, ukali wake unazidi ule wa ngozi kwa mamia ya mara au zaidi. Soda ya kupikia iko upande wa pili, kwenye 8 na kitu. Ukivichanganya, povu linaloinuka ni hewa ya kaboni tu, ishara kwamba tindikali na soda vinamalizana ndani ya bakuli. Wala si nguvu ya dawa, kama wanavyopenda kuonyesha kwenye video zao. Kijiko cha chai cha soda kinatosha kuimaliza tindikali yote ya ndimu moja na kikabaki cha ziada, kwa hiyo ulichopaka kilikuwa chumvi ya sitrati, asali iliyozimuliwa na chembe za soda zinazokwaruza. Psoraleni nazo haziguswi na soda. Kwa maneno mengine, soda iliua kile ulichodhani ni dawa na kukiacha salama kile kinachounguza.

Na vitamini C, ambayo ndiyo hoja yao kubwa? Imo kwenye ndimu, lakini ni chini ya sehemu moja katika mia. Hata limau, ambalo halipungukiwi na vitamini hiyo kuliko ndimu, lina takriban miligramu 40 hadi 50 katika gramu 100 za maji yake, yaani asilimia 0.04 hadi 0.05, ilhali dawa za kupaka zenye vitamini C hutengenezwa kwa asilimia 10 hadi 20 na kuwekwa kwenye chupa zisizopitisha mwanga, maana vitamini hiyo huharibika upesi ikikutana na mwanga na hewa. Vitamini ya ndimu inywe kwenye maji ya kunywa, huko ina faida.

Sasa niseme linalonikera zaidi, nalo limejificha katika sentensi yako ya mwisho. Siku hizi kila mtu ananiambia kwamba kinacholika hakiwezi kudhuru kikipakwa. Wazo hili linaonekana la busara, na ndiyo maana limeenea, lakini mtu akilitafakari kwa muda wa kupika chai ataona halisimami. Pilipili tunaila kila siku, na hakuna anayeipaka kwenye kope. Tumbo lina tindikali yake yenyewe iliyo kali kuliko ndimu, lina ute wa kujikinga, na sehemu kubwa ya kinachonyonywa kutoka kwenye chakula hupitia kwanza kwenye ini kabla ya kuenea mwilini. Isitoshe, tumbo haliketi juani. Uso hauna ini wala ute huo. Una tabaka la nje jembamba kuliko karatasi, ambalo kazi yake ni kuzuia vitu visiingie, na ukishalichubua linaacha kuzuia. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwenye ngozi kwa saa chache huunguza mpaka malengelenge yakatokea. Mdalasini na karafuu vinaweza kuifundisha ngozi mzio ambao utadumu maisha yote, hata siku utakapotumia sabuni yenye harufu ya viungo hivyo. Siki huunguza, na yai bichi huweza kubeba vimelea vya salmonela. Vyote hivi ni chakula kizuri, na mimi mwenyewe navila.

Najua kuna atakayenijibu kwamba bibi zetu wa pwani walijisinga kwa liwa na manjano na ngozi zao zilikuwa laini mpaka uzeeni. Ni kweli, wala siidharau singo. Lakini singo ilikuwa na utaratibu wake. Ilisagwa na kuchanganywa na watu wanaoijua, ilisuguliwa mwilini na kupukutwa, na mwari aliyesingwa alikuwa amewekwa ndani siku hizo, hatoki juani. Kusudi lake lilikuwa harufu nzuri na ulaini wa ngozi kwa ajili ya arusi, na halikuwa kutibu chunusi. Mtu anayechukua kiungo kimoja katika singo, akakiongezea ndimu, akapaka usoni asubuhi na kupanda bodaboda hadi kazini, asiwasingizie bibi zetu.

Kwa upande wako, fanya hivi. Kwa wiki mbili osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni nyepesi isiyo na harufu na maji ya kawaida, usisugue, kisha paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo, kiasi cha punje ya harage kwa uso mzima. Asubuhi paka krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi, mpaka shingoni, na ukiweza kupata yenye rangi ya ngozi chukua hiyo, kwani oksaidi ya chuma inayoipa rangi huzuia pia mwanga unaoonekana kwa macho, ambao nao huzidisha madoa kwa watu weusi. Mstari wa shingoni utafifia wenyewe ukiuacha. Ngozi ikishatulia, muone daktari au mfamasia akuangalizie asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, ambayo hutibu chunusi na madoa kwa pamoja na inaweza kutumika hata katika ujauzito kwa ushauri wa daktari. Usitarajie badiliko la maana kabla ya miezi mitatu. Hiyo krimu ya jua nayo usiitafute jikoni. Wanaokuambia kwamba mafuta ya nazi au ya karoti yanakinga jua wanakudanganya, na wanaokufundisha kukoroga unga wa zinki kwenye mafuta hawana namna ya kujua kama umesambaa sawasawa. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, wanatengeneza krimu ya jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na wanaifanya kazi hiyo maabarani, kwa mizani na vipimo, kwa sababu kwao kukosea ni saratani.

Jikoni hapakosi cha kukufaa. Mafuta ya alizeti ni mazuri kwa miguu na mikono mikavu. Ya nazi pia yanafaa mwilini, ila usoni kwa mwenye chunusi huziba vinyweleo. Oti zilizosagwa laini kabisa na kutiwa kwenye maji ya kuoga hutuliza muwasho. Lakini angalia: ninachokitaja ni mafuta matupu au unga mkavu. Mara tu unapochanganya kitu na maji, iwe ni jeli ya mshubiri, maji ya mchele au asali iliyozimuliwa, umewaandalia bakteria na fangasi chakula, na bila kihifadhi kopo hilo halifai baada ya siku chache, hata kama halijanuka.

Hili la kopo linanifikisha kwenye biashara ambayo imezaliwa kutokana na woga huo wa kemikali. Wanawake wanaochoka kukoroga wenyewe huuziwa krimu zilizoandikwa kwa mkono kwamba ni za asili tupu, za papai au za karoti, na madoa yanatoweka kwa wiki moja. Papai haliwezi kufanya hivyo kwa wiki moja. Kinachoweza ni steroidi kali, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) na zebaki, yaani mkorogo uleule uliobadilishwa jina. Steroidi hukondesha ngozi, na siku ukiiacha uso hulipuka vipele vibaya kuliko vya awali. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuacha weusi wa kibuluu usioondoka. Na zebaki huharibu figo, ikiwemo ya mtoto unayemlaza kifuani. Tangu mwaka 2019 vipodozi hapa Tanzania vipo chini ya Shirika la Viwango, TBS, na chombo kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya kwisha hakina sababu ya kufika usoni mwako, hata kama muuzaji ni rafiki yako wa kanisani au msikitini.

Utakapokwenda kliniki, chukua kila ulichowahi kupaka, pamoja na kopo lenyewe hata kama lebo imebanduka, na mweleze daktari ulitumia kwa muda gani. Usimfiche kwa kuona haya. Na ikiwa ulishapaka krimu ya namna hiyo kwa miezi, usiiache ghafla kabla hajakupangia namna ya kuipunguza.