Jeopardy!, Mabepari wa Venisi na silabi moja iliyozidi

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyesoma Bongo na kuja Marekani ukubwani anaweza kutoboa kwenye vipengele vya fasihi na maneno vya Jeopardy!, ile chemshabongo ya televisheni ya Marekani ambapo unasomewa dokezo nawe unajibu kwa mtindo wa swali, au aviache akomae na jiografia. Anaweza. Ila nakujibu kama mtu aliyefanya mtihani wao wa mtandaoni wa kuchuja washiriki mara mbili na hajaitwa hata mara moja, kwa hiyo ushauri wangu uupime hivyo.

Mtihani una maswali 50, sekunde 15 kwa kila swali, na ukimaliza hawakuambii umepata ngapi. Mara ya kwanza nilifanya kosa la kijinga: nilikuwa nasoma dokezo lote kama nasoma gazeti. Muda huo haupo. Tafuta kwanza kile kineno "this", maana ndicho kinachokwambia wanataka nini: mtu, mji, tamthilia au neno. Mimi nilijaza jina la mwandishi mahali walipotaka jina la mhusika, na huyo mhusika nilikuwa naye kichwani! Wewe umekua na vitendawili, mchezo huu unaujua. Ukitegewa "nyumba yangu haina mlango" huanzi kuwaza mafundi. Unashika hilo "haina mlango", unajibu yai.

Fasihi ndiyo iliyonitisha. Nimelelewa na Shaaban Robert, na Shakespeare nimemjua kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere, hasa ile Mabepari wa Venisi iliyotoka 1969. Imenisaidia na imeniponza. Imenisaidia kwa kuwa kisa chote ninacho, ratili ya nyama, kesi, pete na kila kitu. Imeniponza kwa sababu ya jina. Mwalimu aliweka mabepari, tena kwa wingi, nami miaka yote nikaamini bepari mwenyewe ni Shylock. Kumbe kwa Kiingereza jina, The Merchant of Venice, liko kwenye umoja, mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio. Shylock ni mkopeshaji. Huo ni mtego wa zamani wa watu wa chemshabongo, na niliuingia mzima mzima mbele ya binti yangu wa darasa la nane. Alicheka mpaka akashuka kwenye kochi.

Usijaribu kusoma vitabu vyote, hutavimaliza. Jiwekee vigingi. Mwandishi wa tamthilia kutoka Norway, sema Ibsen halafu omba Mungu. Mshairi mwanamke wa Amherst ni Emily Dickinson. Na ukiona Zanzibar na Nobeli ya 2021 ni Gurnah; hilo ukilikosa usirudi nyumbani.

Maneno ndiyo yenye raha. Jina la kipengele likiwa na alama za mtajo, angalia kilichomo ndani yake, maana herufi hizo lazima zitokee kwenye jibu. Watu wanaliruka jina wanakimbilia dokezo, wakati nusu ya jibu wameshaandikiwa. Kuna kipengele kingine kinaitwa Before & After: majibu mawili yanaunganishwa kwa neno wanalochangia katikati. Hapo ndipo Januari 2018 palipotokea kisa ninachomsimulia kila mtu. Dokezo la dola 1,600 liliunganisha wimbo wa rapa Coolio, Gangsta's Paradise, na utenzi wa John Milton wa 1667, Paradise Lost. Jibu: Gangsta's Paradise Lost. Mshiriki akasema "gangster's", kwa r ya mwisho. Wakamkubalia, mchezo ukaendelea, kisha waamuzi wakageuza: zikamtoka dola 3,200, zile alizopewa na nyingine kama hizo za adhabu, kwa hoja kwamba hayo ni maneno mawili tofauti kwenye kamusi. Siku hiyo alishinda hata hivyo, lakini mimi ningelala na hasira.

Ndiyo maana nakwambia lafudhi yako isikutie hofu, ila silabi zako zichunge. Kwenye swali la mwisho, lile la kuandika, hata tahajia ikikosewa wanasamehe mradi ikisomwa sauti ibaki ileile. Ukiongeza sauti au ukidondosha, umekwisha. Na sisi irabu tunabandika popote. Jirekodi kwenye simu ujisikilize.

Nyumbani mke wangu ndiye mtangazaji, ndiye mwamuzi. Anaandika kadi mwenyewe, mimi nagonga kijiko mezani badala ya kitufe cha kuomba kujibu. Studioni ukibonyeza kabla dokezo halijasomwa likaisha unafungiwa robo sekunde. Yeye kijiko kikilia mapema ananinyima swali zima. Juzi akasoma: mchezo wa vipande vya mbao uliozinduliwa London mwaka 1983, aliyeubuni alikulia Afrika Mashariki akaupa jina la Kiswahili. Nikagonga kwa mbwembwe zote, maana hicho ni Kiswahili changu, nani aniambie. "What is Kujenga?"

Kimya. Binti akaanza kucheka kabla ya hukumu.

"Baba Neema, kwenye boksi wameandika Jenga."

Nikajitetea kwamba kitenzi ni kilekile, hicho ni kiambishi tu. Akanijibu kwamba hata yule wa r moja alikuwa na maelezo yake, akachukua kalamu akakata dola 400. Rufaa yangu iko mezani kwake mpaka leo.