Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kutafiti Kifafa

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza kama daktari wa mishipa ya fahamu anayetafiti kifafa hushinda kwenye mashine au hubaki na wagonjwa, na kama ungoje ubobee ndipo uanze. Usingoje. Baada ya utarajali bado una miaka 3 ya MMed, shahada ya uzamili ya udaktari, kisha ubobezi wenyewe, na muda wote huo utakuwa unafanya kazi ambayo utafiti wa kifafa umesimama juu yake: kumhoji aliyeona tukio.

Mgonjwa hakuona kitu. Aliyeona ni shangazi, mwalimu au kondakta wa daladala, na huyo ndiye wa kumtafuta, hata kwa simu. Usimuulize kama mgonjwa "ana kifafa"; neno hilo hufunga midomo. Muulize kichwa kiligeukia upande gani kwanza, mkono upi ulianza kurusha, ulimi uliumwa ncha au ubavuni, na alipozinduka alichukua muda gani kujua yuko wapi. Aliyezirai hurudiwa na akili upesi. Aliyepatwa na kifafa huamka amechanganyikiwa. Waombe ndugu wamrekodi kwa simu likitokea tena, baada ya kumlaza kiubavu.

Kisha linganisha na maana rasmi ya ugonjwa. Kifafa ni matukio 2 au zaidi yasiyochochewa, yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24, au tukio 1 ikiwa uwezekano wa kurudia ndani ya miaka 10 unafikia asilimia 60. Degedege la homa, sukari kushuka na kuacha pombe ghafla havihesabiwi. Ukiviingiza, kila hesabu inayofuata imeharibika na hakuna takwimu ya kuiokoa.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba una mtego wa pili. Tuseme kifafa kiko kwa watu 10 katika kila 1,000, nawe unahitaji wagonjwa 200: itabidi uwafikie watu 20,000, na zaidi, maana wengine hufichwa chumbani, na wengine hupatwa usingizini bila mtu kujua. Dodoso linalouliza kuanguka tu litamkosa mtoto anayeduwaa sekunde 10 darasani. Kwa hiyo wahojaji huchuja kwanza kwa maswali mapana, kisha wewe daktari unawaona wote waliochujwa. Hatua hiyo ya pili ni ghali na huchosha, ndiyo maana watu huikata. Wewe usiikate.

Na EEG, kipimo cha umeme wa ubongo? Kinasaidia kujua aina ya kifafa, lakini kipimo cha kwanza hutoka safi kwa takriban nusu ya wenye kifafa, kwa hiyo majibu safi hayamfuti mtu kwenye orodha. Mwambie aje nywele zimeoshwa, hazina mafuta wala rasta za kubandika, na alale kidogo usiku uliotangulia, kwa sababu mawimbi ya kifafa hujitokeza zaidi mtu akisinzia. Joto letu la Dar lina hila yake: jasho huyumbisha mistari polepole, na asiyezoea huiita ugonjwa. Chumba kipoe, ukinzani wa kila elektrodi uwe chini ya kiloomu 5, na feni iliyo karibu izimwe kwanza ukiona mtetemo wa hezi 50, yaani wa umeme wa ukutani.

Mada nchini ziko tele. Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaandika pia kuhusu watoto wanaotikisa kichwa. Hadi leo watafiti wanafuatilia uhusiano wa kifafa hicho na minyoo inayoenezwa na usubi. Kwenye ufugaji wa nguruwe, mabuu ya tegu huingia ubongoni, na huko utahitaji picha ya CT.

Jambo moja nakusisitizia kama mzazi. Usimtambue mgonjwa kisha umwache bila dawa. Fenobabito, dawa ya kifafa, ni ya bei nafuu, lakini iko chini ya udhibiti wa kimataifa, hivyo usambazaji wake hukwama kwa urahisi. Akiikosa ghafla anaweza kupata kifafa kisichokatika, na kikipita dakika 5 ni dharura. Andika kwenye bajeti dawa za kipindi chote na za baada ya mradi, kabla hujaandika posho. Kumbuka pia kiwango cha fenobabito kwenye damu hutulia baada ya wiki 2 hadi 3. Ukipima matokeo wiki ya kwanza utasema haifanyi kazi.

Vibali anza mapema: kamati ya maadili ya chuo, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ikiwa ni jaribio la dawa. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili cha mitaani, isomwe kwa sauti, na iseme atakayeona majibu ni nani.

Njoo Jumapili na dodoso lako la majaribio, tulipitie swali kwa swali.

Mama yako