Barua kwa mwanangu: kwa nini hesabu ya sera mbili haijumlishiki

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini modeli yako ya umeme, ukiiwekea umeme wa upepo peke yake, kisha kodi ya kaboni peke yake, inatoa jumla ya hewa ukaa iliyookolewa isiyolingana na ya sera zote mbili kwa pamoja. Unadhani fomula ina kosa. Haina. Kila sera inabadilisha mtambo ambao mwenzake atauzima.

Chukua saa moja yenye mahitaji ya megawati-saa 1,000. Makaa ya mawe yana uwezo wa 600, gesi 800. Kila megawati-saa ya makaa hutoa takribani tani 1 ya hewa ukaa, ya gesi 0.4. Mitambo huwashwa kwa foleni, ya bei nafuu kwanza. Makaa ni nafuu, hivyo yanatangulia: makaa 600, gesi 400, tani 760. Leta upepo 300. Inayozimwa ni gesi, maana ndiyo ghali, nawe unaokoa tani 120 tu. Ondoa upepo, weka kodi inayoigeuza foleni: gesi 800, makaa 200, tani 520. Umeokoa 240, na ukijumlisha unapata 360. Sasa weka zote mbili: zinabaki megawati-saa 700, gesi inazimudu zote, tani 280. Umeokoa 480! Upepo ni uleule, ila safari hii umeyaondoa makaa. Foleni ikiwa tofauti, sera mbili kwa pamoja zinaweza hata kuokoa pungufu ya jumla.

Kodi ya kugeuza foleni ni tofauti ya gharama ya mafuta kugawa kwa tofauti ya hewa ukaa. Makaa yakiwa dola 30 kwa megawati-saa na gesi 50, ni 20 kwa 0.6, kama dola 33 kwa tani. Kodi ya 25 haisogezi kitu katika saa hiyo, kwa hiyo usichore mstari ulionyooka. Usitumie wastani wa mwaka pia. Wastani unaficha saa ambazo makaa ndiyo ya mwisho kwenye foleni.

Jihadhari zaidi na nchi yenye kikomo cha hewa ukaa na vibali vya kuitoa ambavyo viwanda huuziana. Huko upepo unaachia vibali, kiwanda kingine kinavinunua, na hewa ukaa inabaki palepale mpaka kikomo kishushwe au vibali vifutwe. Modeli isiyo na soko hilo itausifia upepo kwa tani ambazo hazikupungua.

Endesha mara nne, saa kwa saa: bila sera, upepo tu, kodi tu, zote mbili. Kisha nitumie ile ya nne, ukionyesha mtambo gani ulizimwa kila saa.

Mama yako