Kitendawili! Tega! Jibu limo kabatini

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni shughuli gani imewafanya watoto wa shule yenu ya msingi waipende maktaba? Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu mkoani Morogoro, na huu ni mwaka wa nne nasimamia maktaba ya shule. Jibu langu ni vitendawili.

Maktaba yetu zamani ilikuwa stoo ya majembe. Ina makabati matatu, mikeka miwili, na dirisha moja linaloingiza mwanga mzuri asubuhi. Nilipokabidhiwa funguo niliendesha kipindi nilivyozoea kukiona kikiendeshwa: mtoto achukue kitabu, akae, asome kimya, kisha ajibu maswali matano. Walikuja kwa kuwa ratiba iliwaleta. Vitabu vilevile vichache vya picha za rangi vilichanika kwa kugombaniwa, na vya kabati la tatu vikabaki vipya mpaka mchwa wakavifikia. Hilo liliniuma sana. Katika semina moja tulifundishwa kanuni tano za maktaba alizoziandika S. R. Ranganathan wa India mwaka 1931, na ya tatu inasema kila kitabu na msomaji wake. Nikawa naliangalia kabati lile na kujiuliza wasomaji wake wako wapi.

Siku moja darasa lilikuwa na kelele. Ili niwatulize nikaita, "Kitendawili!" Chumba kizima kikaitika, "Tega!" Nikasema, "Nyumba yangu haina mlango." "Yai!" Walijibu hata wale ambao tangu mwaka uanze hawajanyoosha mkono. Jioni ile nikakata maboksi ya chaki kuwa kadi.

Tunafanya hivi. Mtoto huchagua kitabu, hukisoma, kisha hutunga kitendawili ambacho jibu lake halipatikani mpaka ufungue kitabu hicho. Jina la kitabu haliruhusiwi kutajwa. Kadi hubanwa kwa kibanio cha nguo kwenye kamba inayovuka chumba. Wenzake husaka wawili wawili, mkubwa na mdogo, wa darasa la tano na wa la pili. Anayedhani amepata hufungua ukurasa wenyewe na kuusoma mbele ya mtegaji. Wakishindwa, mtegaji hudai mji, kama bibi zetu walivyotufundisha. "Nipeni mji!" "Chukua Tanga!" Naye huanza: nilikwenda Tanga, nikapokelewa, nikala, nikanywa, jibu lenu ni hili. Hapo sasa ni yeye anayesoma ukurasa kwa sauti, wote wakimsikiliza.

Kutunga ndiko kunakowafunza zaidi. Huwezi kutega kitendawili juu ya kitabu ulichokipitia juujuu. Lazima utafute kitu kilichojificha, na watoto hurudia kusoma mara mbili, mara tatu, bila mimi kusema neno.

Nina binti mmoja darasani ambaye hadi leo anasoma kwa kuunganisha silabi. Tukimpima kwa saa, anatetemeka. Alichukua kitabu kidogo cha fundi cherehani aliyepotewa na futi yake ya kupimia, akakaa nacho vipindi viwili. Kadi yake iliandikwa: "Kaitafuta mtaa mzima, kumbe kaivaa." Kitabu kile nimewasomea watoto mara nyingi, na hadithi inasema futi ilipatikana mwishoni, basi. Yeye akanifungulia ukurasa wa kwanza kabisa, akaweka kidole kwenye picha: futi iko shingoni mwa fundi, imefunikwa nusu na kola. Akageuza ukurasa wa pili, iko. Wa tatu, iko. Maneno hayasemi lolote. Mchoraji ndiye aliyeificha pale. Watoto wanane walikuwa wamemzunguka, na wote wakataka kukishika kitabu kile. Wiki ile daftari la kuazima liliandika jina la fundi cherehani mara tano.

Kosa nililolifanya mwanzoni ni zawadi. Nilitoa peremende kwa anayepata jibu kwanza, wavulana wakubwa wakawa wanapekua kurasa kwa pupa na kuzichana, wadogo wakirudi nyuma. Nimeziacha kabisa. Siku hizi anayepata jibu hupata haki ya kutega kinachofuata, na hiyo wanaigombania kuliko peremende.

Kuna jambo sikulipanga. Kila walipodaiwa mji walitoa Dar es Salaam au Dodoma tu, mpaka wategaji wakalalamika kwamba miji hiyo wanayo tayari. Nikabandika ramani ya Tanzania ukutani. Sasa wanasimama mbele yake wakitafuta mji ambao haujawahi kutolewa na mtu: Sumbawanga, Newala, Kibondo. Hayo nayo ni kusoma, na nafurahi kuyaona. Wengine wameanza kuleta vitendawili vya Kiluguru kutoka kwa bibi zao, tunavigeuza kwa Kiswahili na kuviweka kwenye bahasha yake.

Kwa shule isiyo na chumba, naamini mkeka chini ya mwembe na boksi moja la vitabu vinatosha kuanzia. Kamba ifungwe kwenye matawi.

Nikiandika haya, kwenye kamba yetu kuna kadi mpya ya yule binti: "Nyumbani kwetu wote hulala, mmoja hupika." Nimemaliza makabati mawili bila kupata. Jana nilitaka kumpa Bukoba, akakataa kuipokea. "Bado, mwalimu," akaniambia. "Hujafika la tatu."